Malalamiko Kuhusu Mwendo wa Pikipiki Mliyoniuzia

Meneja wa Mauzo,
Nairobi.

Kwa Bwana/Bibi,

KUH: PIKIPIKI YA CC 150 ISIYOFIKIA MWENDO ULIOTANGAZWA

Ninaandika kulalamikia pikipiki ya umbo la kizamani niliyoinunua kwenu, ambayo kijitabu chenu cha matangazo kinadai kuwa hufikia kilomita 110 kwa saa. Sikutafuta pikipiki ya mashindano; niliipendea taa yake ya duara na tangi lake la mviringo, na ingenitosha kama ingeweza kwenda sambamba na matatu kwenye Barabara Kuu ya Thika.

Haiwezi. Kwenye tambarare baina ya Ruiru na Juja, nikiwa sijabeba mtu wala mzigo, spidomita ilikwama kwenye 95, ilhali kipimo cha setilaiti cha simu yangu kilisoma 86. Spidomita nyingi husoma juu kidogo, kwa hivyo hilo silipingi. Ninachodai ni kilomita 24 zilizopotea kati ya kijitabu na lami. Ajabu ni kwamba nikishusha gia kutoka ya tano hadi ya nne, pikipiki huongeza mwendo.

Muuzaji wenu alinijibu kwamba hewa ya Nairobi ni nyepesi. Ni kweli kuwa katika mwinuko wa takriban mita 1,700 injini hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake, na ndiyo maana sishangai inapohema nikipanda kuelekea Limuru. Lakini hewa hiyo hiyo nyepesi humpunguzia mwendeshaji ukinzani wa upepo, hivyo kwenye tambarare mwendo unaopotea haupaswi kuwa mkubwa kiasi hiki. Tena mliniuzia hapa hapa Nairobi, si Mombasa.

Fundi alipofungua plagi ya kuwashia injini aliikuta nyeusi tititi kwa masizi makavu, dalili kwamba kabureta inamimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Yaelekea jeti kuu, yaani kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, ilichaguliwa kwa maeneo ya usawa wa bahari na hakuna aliyejali kuibadilisha. Sproketi nayo, yaani gurudumu la meno la mnyororo, kwa maoni yake, haiiwezeshi injini hii kuivuta gia ya tano.

Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na maelezo anayohitaji ili anufaike nazo. Kwa hiyo naomba mbadilishe jeti na sproketi kwa gharama yenu, kisha tuijaribu pamoja kwa kipimo cha setilaiti. Ikishindwa kukaribia mwendo mliotangaza, mnirejeshee pesa zangu. Ninasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wako mwaminifu,
Mnunuzi