Kumbi za kusubiri huduma zinang'aa, lakini hazisikiki wala hazipumui

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie kumbi za kusubiri huduma: za zahanati na vituo vya afya, za ofisi za umma, za benki. Nyingi zimekarabatiwa miaka ya karibuni, na karibu zote zimetoka na sura moja. Chini marumaru nyeupe inayong'aa, juu dari la jipsamu la ngazi mbili lenye taa zilizofichwa, pembeni madirisha ya alumini ya kusukuma, mbele kaunta ndefu yenye kioo. Siku ya uzinduzi zinapendeza kweli. Lakini mgonjwa anayekaa humo saa tatu hasikii jina lake linapoitwa, jasho linamtoka, na hewa anayovuta imeshapita kwenye mapafu ya wenzake. Sioni sababu ya kumlaumu fundi. Kosa limeanzia kwenye karatasi, kwa kuwa vipimo vinavyohusu sikio, pua na mguu havikuandikwa popote kwenye mkataba, wakati rangi ya ukuta iliandikwa hadi namba yake.

Nianze na sikio, maana ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Chukua ukumbi wa mita 10 kwa 15 wenye dari la mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 450. Kanuni tunayotumia hadi leo ilitokana na kazi ya Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambaye mwaka 1895 alipewa jukumu la kutafuta kwa nini mhadhara hausikiki katika ukumbi mmoja wa chuo hicho. Akawa anahamishia humo mito ya viti vya ukumbi mwingine, kidogo kidogo, huku akipima sekunde ambazo sauti inachukua kufifia. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha ujazo kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya ufyonzaji wa vyote vilivyomo.

Marumaru hufyonza kama asilimia 2 tu ya sauti inayoipiga, jipsamu iliyopakwa rangi asilimia 5, plasta na kioo karibu 3. Ukizidisha asilimia hizo kwa eneo la sakafu, dari na kuta, kwa ukumbi wetu jumla ni 15. Wakiketi watu 60, kila mmoja anaongeza takriban 0.45 kwa mwili na nguo zake, tunafika 42. Gawanya: sekunde 1.7. Asubuhi ukumbi ukiwa mtupu ni karibu sekunde 5. Maneno yanahitaji sekunde 0.8 au pungufu ili yasikike bila kukisia.

Kwa Kiswahili tatizo hili lina sura yake. Maneno yetu mengi huishia kwa irabu, na irabu ndiyo yenye nguvu; konsonanti ni nyepesi. Katika ukumbi wenye mwangwi, mkia wa irabu unaifunika konsonanti inayofuata. Muuguzi akiita "Hamisi", aliyeketi nyuma anasikia "Ha-i-i", na Hamidi naye anasimama. Muuguzi anapandisha sauti, waliokaa nao wanapandisha zao ili wasikilizane, na kelele inazaa kelele. Kipaza sauti hakiponyi hapo. Kinaongeza sauti ndani ya mwangwi uleule.

Dawa si kufunika dari lote. Ukifunika nusu yake, mita za mraba 75, kwa vibao vinavyofyonza asilimia 70, hesabu inashuka hadi sekunde 0.8. Vibao hivyo viwekwe juu ya viti na juu ya kaunta, siyo juu ya njia ya kupita. Kwa miji ya pwani napendelea vibao vya nyuzi za mbao zilizoshikwa kwa saruji, vyenye nafasi ya sentimita 5 nyuma yake iliyojazwa pamba ya mawe, yaani nyuzi laini za mawe yaliyoyeyushwa. Vile vya pamba ya mawe vinavyolazwa kwenye fremu, visipokuwa vya aina inayostahimili unyevu, hulegea na kubinuka katikati kama mkeka uliolowa. Na tafadhali, wenye ofisi wasishawishike kubandika sponji za magodoro au trei za mayai. Trei hazifanyi kazi ya maana, na sponji ikishika moto inateketea upesi mno, moshi wake ni sumu.

Sasa hewa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu hewa ya asili katika vituo vya afya unataka lita 60 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mgonjwa, kwenye wodi za kawaida na kwa wagonjwa wa nje. Sababu kubwa ni maradhi yanayosafiri hewani, kifua kikuu kikiwemo. Watu 60 ni lita 3,600 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 3.6. Mwongozo huohuo una kanuni ya makadirio: 0.65 mara kasi ya upepo mara eneo la uwazi ulio mdogo kati ya pande mbili zinazotazamana. Upepo ukiwa mita 1 kwa sekunde, unahitaji uwazi wa mita za mraba 5.5 kila upande.

Dirisha la alumini la kusukuma lenye mita 1.5 kwa 1.2 lina mita za mraba 1.8 kwenye mchoro, lakini kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine, kwa hiyo linafunguka nusu tu. Madirisha matano kama hayo yanakupa 4.5, na bado hujaweka wavu wa mbu, ambao ukishika vumbi unapunguza zaidi. Madirisha matano yaleyale yakiwa ya luva, yaani vipande vya kioo vinavyogeuka, yanafunguka karibu eneo lote. Halafu kuna neno "mdogo" kwenye kanuni, ambalo wengi hulipita. Kama ukuta wa pili una mlango mmoja tu wa kawaida, wenye mita za mraba 1.9, basi hata ukiweka madirisha kumi upande wa kwanza unapata theluthi moja ya hewa inayotakiwa. Hewa isiyo na pa kutokea haiingii.

Hapo watu husema, tutafunga kiyoyozi. Kiyoyozi cha ukutani kinavuta hewa ya chumbani, kinaipoza na kuirudisha mlemle chumbani. Hakileti hata lita moja ya hewa kutoka nje. Na kwa kuwa kimefungwa, madirisha nayo yanafungwa. Kwa benki, sawa, uwekwe na mfumo wa kuingiza hewa mpya. Kwa zahanati ni hatari, nalisema hili bila kupepesa. Pangaboi na luva pande mbili vinatosha sehemu nyingi, ila pangaboi linahitaji mapanga yake yawe angalau mita 2.3 kutoka sakafuni na sentimita 25 hadi 30 chini ya dari. Dari likishushwa hadi mita 2.5 kwa ajili ya urembo wa jipsamu, pangaboi limeshakosa pa kukaa.

Si kwamba elimu hii ni ngeni kwetu. Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilifunikwa kwa miavuli ya zege iliyoacha hewa na mwanga vipite, na maji ya mvua yakakusanywa kutoka juu yake. Zahanati nyingi za zamani zina matofali ya matundu juu ya madirisha. Wakarabati wanayaziba kwa plasta kwa kuwa eti yanakaa kizamani.

Kuhusu sakafu, marumaru ya poseleni inanyonya maji chini ya asilimia 0.5. Ndiyo maana haishikani vizuri na saruji na mchanga tu, hata ukiilowanisha ndoo nzima. Inataka gundi ya unga yenye polima, iliyopakwa sakafuni kwa mwiko wa meno ya milimita 10, na kwa saizi ya 60 kwa 60 mgongo wa marumaru nao upakwe. Kinachofanyika mara nyingi ni kuweka mabonge matano, manne karibu na pembe na moja katikati, kisha kugonga kwa nyundo ya mpira. Pembeni kunabaki utupu. Gurudumu la kitanda cha wagonjwa likipita, pembe inamenyeka kipande cha ukubwa wa kucha, maji ya deki yanaingia, na baada ya miezi michache marumaru nzima inacheza. Kosa la pili ni kujaza ukumbi mzima ukuta hadi ukuta bila kuacha nafasi ya kutanuka. Kila mita 8 hadi 10 iachwe nafasi ijazwe silikoni, na pembezoni mwa kuta iachwe kama milimita 5 inayofichwa na kipande cha chini ya ukuta. Bila hivyo, siku moja ya joto mstari mzima unanyanyuka kama paa la hema.

Na mng'ao huo unaoangusha wazee msimu wa mvua? Mlangoni na njia za kupita itumike marumaru ya uso usiong'aa, daraja R10 au R11 la kuzuia utelezi, na zulia la kukanyagia la mita 2 kwenda ndani, lililozamishwa usawa wa sakafu ili lisikwaze.

Mengine ni mafupi. Njia mteremko ya kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12: ngazi zikipanda sentimita 45, njia iwe na urefu wa mita 5.4, na juu yake pawe na uwanja tambarare wa mita 1.5. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, hivyo hili si hisani. Kaunta iwe na sehemu ya sentimita 75 yenye uwazi wa magoti chini, maana kaunta ya sentimita 110 yenye kitobo kwenye kioo inamlazimu bibi mwenye mgongo mbovu ainame kando, aweke sikio kwenye kitobo ili asikie, kisha ageuze mdomo ili ajibu, na siri yake ya ugonjwa isikike na foleni nzima.

Kwa kamati zitakazopokea majengo, majaribio haya hayahitaji mtaalamu. Washa udi katikati ya ukumbi madirisha yakiwa wazi, uone moshi unaelekea wapi. Moshi ukisimama, hewa imesimama. Piga kofi moja ukumbi ukiwa mtupu, uhesabu sekunde hadi sauti ififie. Pita na sarafu ukigonga kila marumaru pembe zote nne. Inayolia tupu iwekwe alama ya chaki na ibadilishwe. Mwaga maji mlangoni, utembee. Kisha zoezi la sarafu lirudiwe baada ya joto na masika kupita, kabla kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, hakijaisha na fedha ya mkandarasi iliyozuiwa haijaachiwa.

Wako,
Msanifu wa majengo ya ndani,
Dar es Salaam