Heri ya Kupalizwa, kutoka mtaa wa Twiga

Ndugu, jamaa na marafiki,

Tumsifu Yesu Kristo! Heri ya Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Najua huko nyumbani mmetoka misani, pilau imeshaiva na watoto wameshachafua nguo mpya. Mimi nawaandikia kutoka Siena, Italia, usiku wa tarehe 15 Agosti, na huku mtaani hakuna aliyelala.

Kesho ni Palio, mbio za farasi za mitaa ya mji huu. Farasi kumi watazunguka uwanja wa Piazza del Campo mara tatu, wapandaji wakiwa hawana tandiko, na kwa dakika moja na nusu hivi kila kitu kitakuwa kimekwisha. Zawadi ni bendera ya hariri yenye picha ya Mama Maria, basi. Mji huu ulijikabidhi kwake mwaka 1260, kabla ya vita vya Montaperti dhidi ya Firenze, kwa hiyo Agosti kwao haina mzaha.

Siena ina mitaa 17, na kila mmoja una kanisa lake, bendera yake na mnyama au alama yake. Nilipofika mara ya kwanza niliona bendera ya twiga inaning'inia dirishani, nikadhani humo ndani anaishi Mtanzania mwenzangu! Kumbe ni mtaa wa Giraffa, na bibi ninayemtunza alizaliwa humo humo. Mtoto wa mtaa hubatizwa mara mbili: kanisani, kisha kwenye chemchemi ya mtaa, akavishwa kitambaa cha shingoni. Mitaa ya Konokono na Kobe ndiyo watani wa jadi (hebu fikirieni, konokono na kobe wanagombania mbio!), na mume wa huku akiwa na mke wa kule, siku za Palio wengine hurudi kila mtu kwao mpaka yaishe.

Farasi mtaa hauchagui, hupewa kwa kura. Akiumia, hakuna kubadilisha. Mpanda farasi ni wa kukodi, na kwa kuwa mitaa hupenyezeana fedha kwa siri ambayo kila mtu anaijua, analindwa usiku na mchana kama bwana harusi anayeshukiwa atatoroka. Farasi akimwangusha njiani na kufika peke yake, ushindi ni halali. Farasi ndiye mwana wa mtaa.

Mara moja nilibahatika kuingia kanisani wakati farasi anabarikiwa. Kimya kabisa, hakuna kupiga makofi, anaweza kushtuka. Kwato zinagonga sakafu, padri anamnyunyizia maji ya baraka, halafu anapaza sauti: "Nenda, urudi mshindi!" Akijisaidia humo ndani, watu hufurahi, ni dalili njema. Bibi alinibana mkono mpaka ukafa ganzi.

Sitawaficha, farasi huumia, wengine wamekufa, na hilo linanichoma. Lakini leo jioni nimekaa kwenye meza ndefu barabarani, wazee, vijana, wenye duka na mfagiaji wakipitishiana mkate, nikakumbuka sikukuu za kwetu kabla hatujaanza kujengeana kuta. Mtaa wa Lupa ulikaa miaka 27 bila ushindi, tangu 1989, na mwaka 2016 wakashinda Julai na Agosti. Anayeshinda hutembea na chuchu ya plastiki ya mtoto mchanga mdomoni, maana amezaliwa upya. Baadaye hufanyika karamu, na farasi ndiye mgeni rasmi mezani.

Nawatakia nyote sikukuu njema, wazazi, mashemeji, na wewe mama mdogo ambaye simu yako haipatikani. Bibi amesinzia kwenye kiti na kitambaa chake shingoni, amenionya nisimvue. Tuombeeni Twiga wetu asiteleze kesho kwenye kona ya San Martino. Wameshaifunika kwa magodoro.