Kabla Mama Hajatia Dole Gumba

Muheza,
Jumapili jioni

Shoga yangu Rehema,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya pili nilikuwa namenya muhogo, nikacheka mpaka kisu kikaanguka pale uliposema mama kang'oa bikoni, zile alama za mpaka walizoweka watu wa bomba la maji, na kuzitupa nyuma ya banda la kuku. Mwambie azirudishe pale pale zilipokuwa. Atapata kesi bure, na bomba la maji litapita vile vile.

Umeniuliza kama anaweza kukataa shamba lisichukuliwe kwa ajili ya bomba hilo. Shoga, kwa nchi yetu hii ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Sisi tuna haki ya kuitumia, na Serikali ikisema inaitaka kwa manufaa ya umma, Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 inaipa nguvu ya kuichukua. Lakini Katiba, ibara ya 24, inakataza mtu kunyang'anywa mali bila fidia inayostahili, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia hiyo iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema. Zamani ilikuwa mbaya zaidi: kwa ile sheria ya 1967, ardhi tupu haikuwa na bei, ukilipwa ni nyumba na mazao tu. Kwa hiyo mwenyekiti wa kitongoji akimwambia mama kwamba pori la nyuma halilipwi, anaongea mambo ya enzi za babu.

Nguvu zenu zisiishie kwenye kukataa. Ziwekeni siku ya kuhesabu, wathamini watakapokuja kupiga bei ya ardhi na kila kilichomo.

Nakwambia haya kwa sababu sisi tulishapitiwa. Unajua bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko kwetu Tanzania. Mkuza wake, yaani ukanda wa ardhi unaochukuliwa kupitisha bomba, una upana wa mita 30, na ulikata shamba la baba la michungwa kama mtu anayegawa keki. Siku wathamini walipokuja, baba alikuwa Pangani kwenye msiba. Akamwachia Hamisi. Hamisi naye, unamjua, akawaonyesha mpaka kwenye mkwaju, wakati mpaka wetu wa kweli uko chini kule kisimani. Michungwa kumi na saba ikabaki nje ya hesabu. Na karatasi ikasainiwa, mashahidi wapo, picha imepigwa kijana ameshika namba kifuani. Utamlaumu nani? Kosa lilikuwa letu, baba akalifuatilia miezi mingi na nauli zikaisha.

Basi siku hiyo uwepo wewe mwenyewe. Beba daftari. Mti mmoja mmoja uandikwe aina yake na umri wake, maana mche, mti unaozaa na mti uliozeeka havina bei moja. Choo, kisima, uzio, hata kile kibanda cha mbuzi, vyote viingie. Na mama asitie dole gumba kwenye fomu yenye nafasi tupu, hata wakimwambia watajaza ofisini. Aombe nakala. Kama hana, piga picha kwa simu yako kila ukurasa.

Halafu kuna posho, ambazo watu wengi hawazijui. Ya usumbufu inapigwa kwa thamani ya ardhi mara kiwango cha riba ambacho benki hutoa kwa amana za miezi 12. Yaani shamba likithaminiwa milioni 10 na riba ikawa asilimia 8, ni laki nane juu. Mama anaishi pale pale, kwa hiyo kama nyumba inaguswa kuna posho ya makazi, kodi ya miezi 36, na ya usafiri, mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20. (Tani 12! Mama mwenye vitanda viwili na kabati. Lakini ndivyo sheria ilivyoandikwa, aichukue.) Mthamini Mkuu wa Serikali akishaidhinisha, malipo yatoke ndani ya miezi sita, baada ya hapo yanadai riba. Ikipita miaka miwili hawajalipa, uthamini ule umekufa, waanze upya kwa bei mpya. Andika tarehe hiyo ukutani.

Sasa lile linaloniumiza kichwa kuliko yote: shamba bado lina jina la marehemu baba yako. Hapo ndipo fidia za watu zinapopotelea. Ikifika siku ya kuitwa majina, atatokea baba mdogo kutoka Dar na barua ya ukoo, na mama atabaki na khanga yake mkononi. Kaeni kikao cha familia wiki hii, muhtasari uandikwe na wote wasaini, muende Mahakama ya Mwanzo mama ateuliwe msimamizi wa mirathi. Najua mnaona aibu kuzungumza mirathi wakati mzee hata miaka miwili hana tangu afariki. Zungumzeni tu. Na akaunti ya benki iwe ya mama, siyo ya kaka yako. Nampenda kaka yako, lakini pikipiki tatu katika miaka minne, shoga!

Kulima asiache. Kijijini kwetu ulienea uvumi kwamba ukishathaminiwa hupandi kitu, watu wakalaza mashamba msimu mzima, nasi tukiwemo, tukanunua mahindi sokoni kama watu wa mjini. Kilichokatazwa ni kujenga na kupanda miti mipya. Mahindi na maharage aulize kwa mtendaji, apewe jibu kwa maandishi, apande.

Nitakuja Ijumaa kwa basi la asubuhi, nitakuletea machungwa ya upande uliobaki. Kabla sijafika nijulishe jambo moja, ambalo kwenye ujumbe wako ulilipita haraka nikahisi umefanya makusudi. Kuna sheria ya 1969 ya kuhamisha makaburi, nayo ina taratibu zake, ndiyo maana nauliza. Kaburi la baba yako liko upande gani wa bikoni?

Wako,
Mwanaidi