Hongo hayuko kwenye simu

Kwenu wanangu wa vikundi vya maigizo, hapa Dar es Salaam na kule Bagamoyo,

Shikamoo zenu za Jumamosi sikuzisikia, mlikuwa mnapiga picha. Hata hivyo, marahaba.

Nilikaa mstari wa pili. Mlicheza Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969, nami niliifurahia mpaka pale Kinjeketile alipotoka mtoni amepandwa na pepo Hongo. Kijana akageuza macho, akakunja shingo, akanguruma. Watoto wakacheka. Nikamngoja nje nikamuuliza, haya umeyatoa wapi? Akanionyesha simu. Filamu ya mizimu ya Wazungu! Mganga wa Ngarambe, aliyegawa maji watu wakapigane na Mjerumani mwaka 1905, kapandwa na shetani wa Ulaya.

Mtaani kwake kijana yule hazipiti wiki mbili bila ngoma ya kupunga pepo. Hajawahi kwenda kuitazama. Mimi nimeitazama tangu utoto. Mtu akipandwa hakurupuki. Huanza kwa miayo, mmoja, wa pili, halafu mfululizo, machozi yanamtoka kama aliyekaa kwenye moshi wa kuni. Mabega yanalegea. Ngoma ikimkolea, kidole gumba cha mguu kinaanza kucheza peke yake, na wanawake walio karibu wanasogeza vikombe bila kuambiwa. Pale hakuna anayecheka.

Nanyi kila siku, "Mzee, sipati ilhamu." Mnaingojea iletwe na bodaboda?

Mwaka 1978, kikundi chetu cha kiwandani kilinipa nafasi ya muuza kahawa. Mistari minne tu. Nikaidharau. Mwongozaji, Mungu amrehemu, akanifukuza mazoezini: nenda Kariakoo, usirudi mpaka uungue. Nikamfuata muuza kahawa mmoja siku sita. Nilidhani kazi yake ni kumimina. Kumbe kazi iko mkononi. Dele na makaa yake mkono wa kulia, vikombe mkono wa kushoto vinagongana, na kila muuzaji ana mlio wake wa kugonga, wateja wanamjua kabla hajakata kona. Anatembea kaegemea upande kidogo, maana joto liko karibu na mguu. Siku ya nne aliniachia dele nimshikie. Nikaungua kweli, paja la kulia, alama ninayo hadi leo. Basi usiku wa onyesho nikagonga vikombe nikiwa bado nyuma ya pazia, na mtu mmoja ukumbini akaita, "Kahawa, huku!" Ile mistari minne sikuihitaji tena, ingawa niliisema, kwa kumwogopa mwongozaji.

Mengine ni mafupi. Fikeni mapema. Karirini na mistari ya wenzenu. Pombe kabla ya jukwaa, hapana. Mpiga ngoma alipwe kwanza.

Nawagombeza, lakini kosa si lenu peke yenu. Sisi ndio tuliowapa Kinjeketile darasani kama swali la mtihani, taja dhamira tano, bila kuwaonyesha mtu aliyeisimamisha jukwaani. Chuo cha sanaa kipo Bagamoyo tangu mwaka 1981, na mpaka leo mzazi akisikia mwanawe anataka kwenda huko anamuuliza, ukimaliza kucheza utasomea nini? Kumbi nazo zimeliwa na harusi. Mnafanya mazoezi chini ya mwembe, nauli mnachangishana, mvua ikinyesha mnajibana kwenye kibaraza cha watu, na kesho yake mnarudi. Hilo naliona, wanangu. Jumamosi ile ile, kabla ya hasira, nililia kidogo gizani.

Kila jioni baada ya alasiri nipo barazani. Mwenye kutaka tupitie mistari aje, kahawa nanunua mimi. Huyo Kinjeketile wangu aje wa kwanza, tuna ngoma ya kwenda kuitazama. Simu yake aje nayo pia. Hiyo filamu nataka nijue kilichomvutia ni nini.

Babu yenu wa mstari wa pili.