Anwani ya faili ianze na jina la seva

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wakuu wengi wa ofisi hapa Nairobi humwachia fundi wa kompyuta, ilhali athari zake humwangukia karani wa masjala. Jambo lenyewe ni jinsi programu ya Word inavyoandika anwani ya faili zilizohifadhiwa kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayotunza faili za ofisi nzima.

Zipo ofisi zenye desturi ya kuchapisha anwani hiyo kwa maandishi madogo chini ya ukurasa, ili mwenye nakala ya karatasi ajue faili yenyewe iko wapi. Word huijaza kupitia uga (sehemu ya ukurasa ambayo programu huijaza yenyewe) uitwao FILENAME, ambao ukiongezewa alama ya \p huonyesha jina la faili pamoja na makabrasha yote yanayoelekea kwake. Desturi hiyo ni njema na isiachwe. Kasoro ni kwamba, kwa kawaida, Word huiandika anwani kwa namna ile ile faili ilivyofunguliwa. Aliyeingia kupitia herufi ambayo fundi amelipangia kabrasha la pamoja, tuseme H, atachapisha anwani inayoanza na H. Mwenzake aliyeifungua faili hiyo hiyo kwa anwani kamili atachapisha mistari miwili iliyoinama, jina la seva, kisha jina la kabrasha. Herufi H ina maana kwenye kompyuta zilizopangwa hivyo tu. Katika idara ya uhasibu inaweza kuwa kabrasha jingine kabisa, na katika tawi la Industrial Area huenda haipo. Anwani inayoanza na jina la seva ni moja kwa kila aliyeunganishwa na mtandao wa ofisi na kupewa ruhusa.

Karani mzoefu hukisia. Akistaafu au akihamishwa, anayempokea hana pa kuanzia, na muda wa kukisia haupo, kwa sababu Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamtaka afisa wa umma kuamua ombi la raia ndani ya siku 21, na kutoa habari ndani ya saa 48 iwapo zinahusu uhai au uhuru wa mtu. Ni dhuluma kwa raia siku hizo zikipotea kwa kuulizana H ni ya nani.

Marekebisho hayahitaji programu mpya. Fundi aweke kwenye kila kompyuta njia ya mkato inayofungua kabrasha la pamoja kwa anwani yake kamili, na uga wenyewe uwekwe kwenye kiolezo cha barua cha ofisi nzima badala ya kila karani kuuweka kivyake. Pia awashe, katika mipangilio ya Word, chaguo la kusasisha uga kabla ya kuchapisha, kwani faili ikihamishwa, karatasi inaweza kutoka na anwani ya zamani. Anayetaka kuhakikisha mwenyewe abofye ndani ya uga huo kule chini ya ukurasa na kubonyeza F9. Kuchagua maandishi yote ya barua hakufiki huko.

Najua wapo watakaosema kwamba anwani kamili ni ndefu na inafichua jina la seva kwa watu wa nje. Hoja ya pili ina uzito, na kwa hiyo nakala inayotoka nje ya ofisi iondolewe anwani, ile ya masjala ibaki nayo. Kuhusu urefu, tatizo ni mazoea yetu ya kurundika kabrasha ndani ya kabrasha kwa majina marefu kama sentensi, ilhali kikomo cha kawaida cha Windows kwa anwani nzima ni herufi 260.

Mashine ya seva nayo huchakaa na kubadilishwa. Kwa hiyo nawaomba wakuu wa ofisi wawaagize mafundi wao watumie jina la kudumu lisilofungamana na mashine moja, na wafanye hivyo kabla ya kununua seva mpya, maana karatasi zilizokwisha kuchapishwa haziwezi kusasishwa.

Karani wa masjala,
Nairobi