Kumkumbuka mpima ardhi aliyeishi na Parkinson

Mhariri,

Naomba nafasi nimkumbuke mpima ardhi aliyenifundisha kazi, aliyefariki baada ya kuishi miaka mingi na ugonjwa wa Parkinson, ambao huua seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Kabla hajaanza kutetemeka, tarakimu alizoandika katika daftari la vipimo zilizidi kuwa ndogo ukurasa baada ya ukurasa, na kusinyaa huko kwa mwandiko ni dalili ambayo watu wengi hawaijui. Mkono uliotetemeka ukiwa pajani ulitulia aliposhika skrubu ya theodolaiti, chombo chetu cha kupimia pembe. Waajiri wasiharakishe kuwaachisha kazi wagonjwa hawa: yeye, hata miguu ilipokataa kwenda uwandani, aliendelea kuzikagua hesabu zetu za mipaka kwa umakini uleule.

Msomaji wako