Diski yako si mbovu: kwa nini draiva mbili za jina moja haziruki sawa

Mteja mmoja wa duka letu la gofu ya diski, mchezo wa kurusha diski ya plastiki mpaka iingie kikapuni, alipoteza kwenye bwawa draiva yake ya feawei, yaani diski ya kurushia masafa ya kati. Akaja kununua nyingine: jina lile lile, plastiki ile ile, hata rangi akachagua ile ile. Baada ya muda si mrefu alirudi amekunja uso. Ya zamani, alisema, ilikuwa ikinyooka na kuinama kushoto kidogo tu ikikaribia kutua. Hii mpya inakata kushoto hata nusu ya njia haijafika. Akaibwaga juu ya kaunta mbele ya wateja wengine na kusema kwamba amepigwa, kwamba tumemuuzia bandia.

Bandia hatuuzi. Ila lalamiko hili linatufikia mara nyingi mno, na wanaolileta ni watu wanaoupenda mchezo wa gofu ya diski kwa dhati, kwa hiyo wanastahili maelezo kamili badala ya majibu ya haraka ya kaunta.

Kila draiva huja na namba nne. Ya kwanza ni kasi, ya pili ni uwezo wa kuelea, ya tatu ni kugeuka wakati diski ingali na mwendo mkali, ya nne ni kukata mwishoni mwendo unapoisha. TeeBird ya kampuni ya Innova, ambayo wachezaji wengi huichukua kama kipimo cha draiva nyingine za feawei, imeandikwa 7, 5, 0, 2. Leopard ni 6, 5, -2, 1. Firebird ni 9, 3, 0, 4. Ukirusha bekihendi (mgongo wa mkono ukitangulia) kwa mkono wa kulia, namba ya tatu ikiwa hasi diski husogea kulia kwanza, na namba ya nne inakuambia itakavyorudi kushoto mwishoni. Mwenye kurusha kwa mkono wa kushoto, au kwa fohendi (kiganja kikitangulia), ageuze pande.

Sasa, namba hizo zinaeleza kalibu, yaani umbo la kiwandani linalotolea diski, hazielezi diski uliyoishika mkononi. Tena zinaeleza kalibu hiyo ikirushwa kwa mwendo ule ambao namba ya kwanza inadai. Karibu malalamiko yote tunayopokea yanatoka kwenye mambo hayo mawili.

Tuanze na diski ya mkononi. Tulichukua draiva ya mteja yule, tukatoa nyingine ya jina hilo hilo na plastiki hiyo hiyo kutoka kwenye boksi, tukazilaza juu ya kioo, ukingo kwa ukingo. Ukipitisha kucha kwenye ukingo wa diski utahisi mstari mwembamba, mshono unaobaki pale sehemu mbili za kalibu zilipokutana. Kwenye diski yake mshono ule ulikuwa juu kidogo kuliko wa mwenzake, tofauti ambayo jicho haliioni mpaka uziweke bega kwa bega. Unene wa kadi, labda. Lakini mshono ukikaa juu, diski inakuwa kaidi: haitaki kugeuka, inataka kukata mapema. Ukikaa chini, diski inakubali kunyooka, pengine hata kugeuka.

Hii si hitilafu ya kiwanda fulani. Plastiki huingia kwenye kalibu ikiwa ya moto, ikipoa husinyaa, na haisinyai sawasawa siku zote. Aina ya plastiki, hata rangi iliyochanganywa humo, inaweza kubadilisha namna inavyosinyaa. Ndiyo maana diski moja hutoka na mgongo ulioinuka na nyingine hutoka bapa, zote za kalibu moja. Yenye mgongo kwa kawaida huelea zaidi. Bapa hupenya upepo na kushuka mapema. Watengenezaji wote wana tofauti hizi, wengine nyingi, wengine chache.

Kisha kuna uzito. Chama cha wataalamu wa mchezo huu, PDGA, kilichoanza mwaka 1976, kinaruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo. Diski yenye kipenyo cha sentimita 21.2, kama zilivyo draiva nyingi, kikomo chake ni kama gramu 176. Watu husikia kikomo hicho wakataka kizito kabisa, wakiamini kizito ndicho cha wataalamu. Kizito kinavumilia upepo, ni kweli. Lakini mtu ambaye mkono wake haujapata nguvu atafanya vizuri na gramu 160 na ushee, kwa sababu diski nyepesi inafika mwendo wake kwa urahisi na inakubali kugeuka. Watoto tunawapa za gramu 150 hivi, na mzazi akitaka kununua ya 175 ili mtoto “aikulie”, tunamshauri asifanye hivyo. Mtoto atakaa na diski inayokata kushoto kila siku, na mkono wake utajifunza kuizungusha vibaya ili kuilazimisha inyooke. Kasoro hiyo kuitoa baadaye ni kazi ngumu.

Ila hata mshono na uzito havikuwa jibu lote kwa mteja wetu. Tulimuuliza ile ya zamani aliitumia muda gani. Miaka, alisema, na uwanja anaochezea umejaa miti. Hapo ndipo penyewe. Kila mara diski inapogonga mti, ukingo wake hupata mikunjo na makovu madogo madogo, na kila kovu linaipunguzia ukaidi. Aliyoipenda haikuwa ile aliyoinunua. Ilikuwa imelainishwa na miti polepole, naye mkono wake ukabadilika pamoja nayo bila yeye kutambua. Diski ya namna hiyo haitoki kiwandani. Tulichoweza kumpa ni moja kati ya mbili: draiva iliyotumika yenye makovu ya kutosha, au mpya ya kalibu laini zaidi, yenye namba ya tatu -1 na ya nne 1, ambayo ingefanana na ile ya zamani tangu siku ya kwanza. Alichagua iliyotumika, na bado anaitumia.

Kwa ushauri huo huo, ukipata draiva ya feawei unayoiamini, nunua ya pili mapema na uanze kuitumia kwenye njia zenye upepo, huku ya kwanza ikiendelea kulainika kwa zile za kunyooka. Siku moja ikizama, una nyingine iliyoanza kukomaa.

Jambo la pili ni mwendo, na hapa ndipo watu wanapopoteza fedha nyingi kuliko popote. Mwaka 1983 Dave Dunipace, mmoja wa waanzilishi wa Innova, alileta ukingo uliochongwa kwa mshazari kwenye Eagle, diski ya kwanza ya Innova, na tangu hapo diski za mchezo huu zikaachana na visahani vya kuchezea ufukweni. Ukingo unapokuwa mpana na mwembamba ncha, diski inaweza kwenda kasi zaidi, lakini inadai urushwe kwa kasi hiyo. Draiva za feawei zina ukingo wa kama sentimita 1.6 hadi 1.9. Zile za masafa zinazidi hapo, na kanuni zinakomea 2.6. Mtu anasoma 13 kwenye diski akidhani ananunua mita zaidi. Hanunui mita. Ananunua masharti.

Diski isiyopata mwendo wake haigeuki kamwe. Ile namba ya tatu haipati nafasi ya kufanya kazi, inabaki ya nne peke yake, nayo ni kukata. Tuna mteja kijana ambaye alikuja na mfuko uliojaa draiva za 12 na 13, zote amenunua kwa picha za wachezaji mashuhuri. Kila moja ilikuwa ikikata kushoto, na kila ilipokata alikwenda kununua nyingine yenye kasi zaidi, akiamini ile ya kwanza haikuwa na nguvu. Tukampa TeeBird ya majaribio tukaenda naye uwanja wa wazi. Ilitua mbali sawa na zile za 12, na ikatua kwenye mstari. Alikuwa pia anarusha pua, yaani ukingo wa mbele, ikiwa juu, kosa ambalo diski za kasi hulificha: unaona inakata unadhani ni kaidi, kumbe imepanda, imesimama hewani, imeanguka. Draiva ya 7 inakuonyesha kosa hilo waziwazi, na ndiyo maana tunaiita mwalimu.

Kipimo chetu ni hiki. Rusha draiva yako ya masafa mara kadhaa, kisha ya feawei, uwanja mmoja, upepo mmoja. Zikitua karibu pale pale, ile ya masafa bado si yako. Kwa wengi wanaorusha chini ya mita 90, hivyo ndivyo inavyotokea. Angalia pia upepo wa siku hiyo kabla ya kuhukumu: ukikujia usoni, diski hujiona kama imerushwa kwa kasi zaidi na kugeuka zaidi, na ukitoka mgongoni, itaonekana kaidi kuliko ilivyo.

Kukimbilia draiva za kasi ni njia ya mkato ya kwanza; ya pili ni plastiki ya bei ya chini. Hatuidharau. Inashika vizuri mkononi, na kwa diski ya kutumbukizia kikapuni huwa tunaipendekeza wenyewe. Kwenye draiva inayopita katikati ya miti ni habari nyingine. Inaruka vizuri ikiwa mpya, mti wa kwanza unaing'ata, wa pili unaipinda, na baada ya raundi chache haina tena tabia uliyoizoea. Mchezaji mmoja wa mashindano alinunua tatu za aina hiyo ndani ya msimu mmoja akisema anabana matumizi. Fedha ya hizo tatu ingemtosha kwa Champion au Star, plastiki ngumu ambayo ingebaki ile ile kwa misimu kadhaa, na asingelazimika kujifunza diski upya kila mara. Tukisema draiva ya kuaminika, tunamaanisha ile ambayo leo itafanya kama ilivyofanya jana. Plastiki ya chini haiwezi kukupa hilo msituni.

Njia ya mkato ya tatu inatuumiza zaidi. Kuna wanaochukua diski kaidi na kuikwangua ukingo kwa msasa ili iwe laini haraka. Kanuni za PDGA zinaruhusu msasa wa kiasi, wa kuondoa mikwaruzo au kasoro za kalibu. Ukikwangua kupita kiasi hadi mruko ubadilike, diski hiyo haifai tena mashindanoni. Tuliletewa moja iliyokwanguliwa pande zote, mwenyewe akitaka kuibadilisha kwa sababu sasa inayumba. Hatukuipokea, na alikasirika. Lakini tungemuuzia nani? Kwenye rafu ya diski zilizotumika tunaandika kila kovu tunaloliona, na hatuwezi kumwekea mtu mwingine mbuzi kwenye gunia.

Tunaulizwa kwa nini bei yetu inazidi ile ya kuagiza kutoka ghala kubwa. Ghala linakutumia jina na rangi. Sisi kila draiva ya feawei inayoingia tunaipima kwenye mizani, kwa kuwa uzito ulioandikwa nyuma mara nyingine hutofautiana kwa gramu moja au mbili na uzito halisi. Tunaangalia mshono, tunaangalia mgongo, tunazipanga kaidi upande mmoja na laini upande mwingine ingawa zina jina moja. Tuna seti ya majaribio ambayo unaweza kwenda kuirusha kabla ya kununua. Kazi hiyo ina saa zake, na saa hizo zinalipwa na bei ile ile unayoilalamikia. Anayejua hasa anachotaka na yuko tayari kukubali itakayokuja, aagize ghalani, hatutamlaumu. Anayetaka diski ya kufuata mstari wake wa kila siku, aje tuzilinganishe.

Ukija, njoo na ya zamani hata kama imepasuka. Iliyopasuka huruhusiwi kuitumia kwenye mashindano, lakini kwetu ina faida kubwa: mshono wake na makovu yake vinatuambia unachokitafuta kuliko maelezo yoyote ya mdomo. Kama imezama, tuambie uliitumia muda gani, ulikuwa ukiirusha umbali gani, na uwanja wako una miti au ni wa wazi. Kama huna mazoea bado, tutaanzia kwenye kasi ya 6 au 7, kugeuka kati ya 0 na -2, kukata kusikozidi 2.

Na tafadhali, usiandike jina lako nyuma ya diski mpya hadi umeirusha kwenye nyasi, mahali pasipo na mti wala lami. Isiyo na wino wala kovu tunaibadilisha kwa nyingine ya kalibu hiyo hiyo bila maswali. Yenye kovu la mti inakwenda kwenye rafu ya zilizotumika, kwa bei ya zilizotumika.